Tia Mkono Ndani ya Fungu: Nasaha kwa Anayenunua Kipakatalishi chenye Nguvu



Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni akakuta fungu la chakula likiuzwa. Alitia mkono wake ndani ya fungu lile, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alipoulizwa, alieleza kuwa chakula kilinyeshewa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kukificha chini kile kilicholowa badala ya kukiweka juu watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wake.

Hadithi hii tumeisomesha miaka mingi, tukitoa mifano ya nafaka, ya maziwa yaliyotiwa maji, na ya kitambaa chenye tobo lililokunjwa kwa ndani. Hatukuwahi kufikiri kwamba ipo siku tutaihitaji katika duka la kompyuta. Makala ya leo yaeleza jinsi tulivyofunzwa jambo hilo, na yasikitisha kusema kwamba ada ya somo lile ililipwa na mtu mwingine.

Kosa letu

Mama mmoja mjane wa mtaa wetu, ambaye huamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za kuuza, alitujia baada ya Swala ya Alasiri. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea usanifu majengo katika chuo kikuu cha bara, na aliambiwa aende na kipakatalishi chenye nguvu, au laptopu kama tuitavyo majumbani, kwa sababu michoro ya majengo siku hizi hufanywa kwa programu nzito. Mama yule alikuwa na shilingi 62,000. Sehemu ilitoka katika chama cha akina mama wenzake, na sehemu ilikuwa ni thamani ya bangili yake ya arusi. Akatuuliza, "Sheikh, ninunue ya namna gani?"

Ilitupasa kumjibu kwamba hatujui. Badala yake tulimpa yale tuliyoyasikia barazani. Tulimwambia, "Tafuta iliyoandikwa i7, hiyo ndiyo yenye nguvu. Na diski iwe kubwa." Mtu akitoa fatwa ya twahara bila ya elimu twamkataza, sisi tulitoa fatwa ya mali ya mjane bila ya elimu, na hapana aliyetukataza.

Akaenda, akanunua. Kilikuwa kipakatalishi kizuri cha rangi ya fedha, kilichotumika Ulaya kisha kikaletwa huku, cha aina ile wauzaji wanayoiita ex-UK. Kilikuwa na kibandiko cha i7 kinachong'aa, na muuzaji akamsisitizia kuwa diski yake ni ya terabaiti 1. Yote mawili yalikuwa kweli.

Muhula wa pili haujakwisha, binti akaanza kumpigia mamake simu akilia. Akifungua programu ya kuchorea, husubiri dakika kadhaa. Akizungusha jengo alilolichora, picha huganda. Feni yavuma, sehemu ya chini yachoma mapaja. Kazi moja aliiwasilisha ikiwa imechelewa, akapunguziwa alama. Alipokuja likizo, tulimpelekea chombo kile kijana mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wetu wa madrasa na sasa ni fundi wa kompyuta. Alikitazama kwa dakika chache, kisha akasema kwa adabu, "Maalim, hii i7 ni ya mwaka 2016. Ndani ina viini viwili tu. Na diski hii ni ile ya kuzunguka."

Hapo ndipo tulipoketi, mwalimu mbele ya mwanafunzi wake, tukafundishwa. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyachukua kwake, na baadaye tukayachunguza sisi wenyewe.

Wapishi, meza na stoo

Kijana yule alitufahamisha kwa mfano. Fikirini shughuli ya arusi, na biriani ya watu mia tatu. Kichakataji, ambacho mafundi hukiita prosesa, ni wapishi. Na viini vyake ni idadi ya wapishi walioko jikoni. Kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM, ni meza ambayo juu yake hukatwa vitunguu na kutengwa viungo: kilicho mezani mpishi hukifikia mara moja, na shughuli ikiisha meza hufutwa. Hifadhi, yaani diski, ni stoo ambamo mchele, samli na viungo hukaa hata jiko likizimwa.

Sasa basi, uwe na wapishi hodari kiasi gani, ikiwa stoo iko mtaa wa pili, na anayetumwa huko ni mzee wa mkongojo ambaye huleta iliki kisha hurudi kufuata mdalasini, wapishi watakaa wakisubiri. Hiyo ndiyo diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani izungukayo na mkono mdogo unaotafuta mahali palipoandikwa. Kila utafutaji huchukua takriban milisekunde 10 hadi 15. Diski za kisasa ziitwazo SSD hazina kitu kinachozunguka, nazo hufika mahali palepale kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kufungua programu nzito huweza kuhitaji maelfu ya safari kama hizo. Safari 5,000 za milisekunde 12 kila moja ni dakika nzima. Kwa SSD ni nusu sekunde.

Kwa hiyo ile terabaiti 1 aliyosifiwa mama yule ilikuwa stoo kubwa, lakini iliyo mbali.

Jina la prosesa husomwaje?

Vipakatalishi vingi vilivyoko madukani vina prosesa za Intel au za AMD. Apple hutumia zake mwenyewe katika vipakatalishi vyake tangu 2020. Kosa la wengi wetu ni kusoma nusu ya jina.

Chukueni Intel. Alama za i3, i5, i7 na i9 ni daraja ndani ya kizazi kimoja, wala si kipimo cha nguvu kwa vizazi vyote. Ni sawa na kusema kwamba mtoto ni wa kwanza bila ya kutaja yuko darasa gani. Wa kwanza wa darasa la pili hawezi kushindana na wa tano wa kidato cha nne. Kizazi hujulikana kwa tarakimu zinazofuata. Prosesa ya binti yule iliitwa i7-7500U: ile 7 baada ya kistari yaonyesha kizazi cha 7. Ikilinganishwa na i5-1235U, ambayo ni ya kizazi cha 12 na ilitoka 2022, ile i5 ina viini 10, viwili vikubwa na vinane vidogo, ilhali i7 ya zamani ina viini viwili tu. Aliye na cheo kidogo amempita mwenye cheo kikubwa, na mbali sana.

Tangu mwisho wa 2023 Intel imeanza kuiacha ile herufi ya i katika prosesa zake mpya za vipakatalishi na kutumia majina kama Core Ultra 5 na Core Ultra 7. Msishangae mkikuta kipya kisicho na i.

Kisha tazameni herufi ya mwisho, kwani hiyo hutaja tabia ya prosesa. U ni ya kutumia umeme mdogo: haichomi, na betri hudumu. Kwa kawaida hujengwa kwa wati 15. H ni ya kazi nzito na aghalabu hujengwa kwa wati 45, nayo HX huzidi hapo. Mwenye kuchora majengo, kuhariri video au kufanya hesabu za uhandisi atafute H. Mwenye kuandika, kusoma na kuhudhuria masomo ya mtandaoni atosheke na U, wala asione kwamba amepungukiwa.

AMD nao wana mtego wao. Prosesa zao huitwa Ryzen 3, 5, 7 na 9. Katika zile za mfululizo wa 7000, tarakimu ya kwanza hutaja mwaka wa kuuzwa, na umri wa muundo wa ndani hutajwa na tarakimu ya tatu. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7640U huonekana kama ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ina viini vinne vya muundo wa Zen 2, uliotoka 2019. Ya pili ina viini sita vya Zen 4. Kibandiko cha nje huandikwa Ryzen 5 kwa zote mbili.

Jambo jingine la vizazi ni hili. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache mno, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo kipakatalishi cha kizazi cha 6 au cha 7, hata kikiwa rahisi, ni nyumba ambayo fundi wake amekwisha kuhama.

Joto la kwetu

Prosesa ikipata joto kupita kiasi, hujipunguzia kasi ili isiungue. Kwa hiyo prosesa ya H iliyobanwa ndani ya umbo jembamba mno huenda ikaenda mbio dakika tano za kwanza, kisha ikakokota. Sisi watu wa Pwani twapaswa kulitazama hili zaidi ya wenzetu wa bara. Duka aghalabu lina kiyoyozi; chumba cha mwanafunzi wakati wa kaskazi hakina. Yafaa kukubali kipakatalishi kinene kidogo chenye matundu mapana ya hewa, na kukiweka juu ya meza. Kitanda na mto huziba matundu hayo, na vumbi humaliza kazi iliyobaki.

Diski zafanana, hazilingani

Neno SSD nalo halitoshi. Kuna SSD za njia ya zamani iitwayo SATA, ambazo husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ya kipakatalishi husoma takriban 100. Kuna SSD za njia ya NVMe: za kizazi cha tatu cha njia hiyo hufikia takriban megabaiti 3,500 kwa sekunde, na za kizazi cha nne hufikia takriban 7,000. Umbo jembamba kama ubao wa ubani liitwalo M.2 laweza kubeba SATA au NVMe, kwa hiyo kuona umbo peke yake hakutoshi, ulizeni njia.

Hata hivyo, msidanganyike na tarakimu kubwa. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote, kila mtu nyumbani atahisi tofauti, hata bibi. Kutoka 3,500 kwenda 7,000, atakayehisi ni yule anayehamisha video ndefu na mafaili makubwa kila siku. Wengine watakuwa wamelipia mbio wasizozikimbia, na huo ndio mlango wa israfu.

Jihadharini pia na vipakatalishi vipya vya bei nafuu vyenye hifadhi iitwayo eMMC, ya gigabaiti 64 au 128. Hii hugandishwa kwenye ubao wa ndani, ni ya polepole kuliko SSD ya kweli, na huwezi kuibadilisha. Muuzaji huenda akaiita SSD kwa kuwa haizunguki.

Ama ukubwa, gigabaiti 256 hutosha kwa masomo ya kawaida. Kazi za michoro na video ziheshimiwe kwa 512 au terabaiti 1, kwa sababu SSD ikikaribia kujaa hupungua kasi. Na mkiona diski ya gigabaiti 512 yaonyeshwa kuwa 476, msimtuhumu muuzaji: Windows huhesabu kwa kipimo chake, na hilo si wizi.

Wengine huogopa kwamba SSD huchakaa kwa kuandikiwa. Ni kweli huchakaa, lakini fanyeni hesabu. Samsung 980 PRO ya terabaiti 1 imeandikiwa uhimili wa terabaiti 600. Mtu akiandika gigabaiti 40 kila siku, atahitaji zaidi ya miaka 40 kuumaliza. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kufa ghafla kwa sababu nyingine bila ya dalili, na dawa yake ni nakala ya pili, kama tutakavyoeleza.

Kisichobadilika kwanza

Kijana wetu alipomaliza kueleza, tulimuuliza, "Sasa twafanyaje?" Alitoa skurubu za chini, akaondoa diski ya kuzunguka na kutia SSD, akaongeza RAM kutoka gigabaiti 8 hadi 16. Gharama yake mama hakuijua, na haikumhusu kuijua, kwani deni lile lilikuwa letu. Kipakatalishi kilichokuwa kikichukua dakika kuamka, kikaamka kwa sekunde chache. Binti alicheka.

Kisha akafungua jengo alilokuwa akilichora na kuomba picha kamili yake, yenye kivuli na mwanga. Feni ikavuma vilevile. Wapishi walikuwa wawili walewale. Tukamuuliza fundi kama prosesa nayo yaweza kubadilishwa. Akatikisa kichwa. Katika karibu vipakatalishi vyote vya leo, prosesa huunganishwa na ubao kwa risasi ya kuchomelea. Unayoinunua dukani ndiyo utakayokaa nayo mpaka siku ya mwisho ya chombo kile.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa la makala haya. Pesa zikiwa chache, na kwa wengi wetu ni chache, zitangulie kwenye kile kisichobadilika. Prosesa ndiyo ya kwanza, pamoja na kadi ya picha kwa anayeihitaji. Hifadhi na RAM zaweza kuongezwa mwakani Mola akijaalia, kwa sharti moja: chombo chenyewe kiwe kinaruhusu. Baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina RAM iliyogandishwa, na vile vya Apple vimegandishwa RAM na hifadhi pia. Kwa vyombo vya namna hiyo, nunueni ukubwa mtakaohitaji tangu siku ya kwanza, au viacheni.

Lau tungalijua haya siku ile, tungalimwambia mama yule atafute prosesa ya H ya kizazi kipya zaidi hata ikiwa na SSD ya gigabaiti 256 tu, kisha stoo ingalipanuliwa baadaye. Alinunua stoo kubwa na wapishi wachache, kwa neno letu.

Kila mtu kwa kazi yake

Kabla ya kwenda dukani, ulizeni kazi. Mwanafunzi aulize chuo majina ya programu atakazotumia, kwani waundaji wa programu kubwa hutangaza mahitaji yake. Programu ya Revit, itumiwayo na wasanifu wengi, imetengenezwa kwa Windows peke yake. Anayenunua kipakatalishi cha Apple kwa uzuri wake atagundua hilo akiwa amechelewa. Katika programu za aina hii, kazi nyingi za kuchora hutegemea kasi ya kiini kimoja, na utoaji wa picha kamili ndio hutumia viini vyote. Kwa hiyo tazameni upya wa prosesa pamoja na wingi wa viini.

Kwa binti anayesomea sheria, ualimu au uandishi: Core i3 au i5, au Ryzen 3 au 5, ya miaka ya karibuni, herufi U, RAM gigabaiti 8, SSD gigabaiti 256. Inatosha, na ziada igeuzwe nauli na chakula.

Kwa anayesomea usanifu, uhandisi, au kwa dada anayehariri video za arusi: prosesa ya H yenye viini sita au zaidi, RAM gigabaiti 16, NVMe ya gigabaiti 512 au terabaiti 1, na kadi ya picha inayojitegemea.

Kwa mama mwenye biashara ya mabuibui au mapishi, anayeweka hesabu na kutuma picha kwa wateja: kile cha kundi la kwanza, akiongeza RAM ikiwa yawezekana.

Dini yetu imekataza israfu kama ilivyokataza kufumba mkono. Kumnunulia mwanafunzi wa sheria mashine ya michezo ni israfu; kumnyima mhandisi chombo cha kazi yake ili tujisifu kwa kubana matumizi si uchaji.

Dukani

Tulirudi kwa muuzaji yule. Alituonyesha maandishi ya chini ya risiti, kwamba kilichouzwa hakirudi. Tulitaka kukasirika, lakini tulipofikiri tuliona kwamba hakusema uongo. i7 ilikuwa i7, na terabaiti ilikuwa terabaiti. Alisema nusu ya ukweli, nasi hatukumtuma mteja wake na swali la nusu ya pili. Ajuaye kwamba mteja anataka chombo cha michoro mizito, akamkabidhi kisichofaa na kunyamaza, hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini mnunuzi naye anao wajibu wa kutia mkono ndani ya fungu.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mnunuzi na muuzaji wana hiari ya kuvunja mauzo maadamu hawajaachana pale walipo. Tena waweza kushurutisha hiari ya hadi siku tatu. Na aibu iliyojificha, iliyokuwapo kabla ya mauzo, humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Zitumieni hiari hizi. Ombeni siku tatu za majaribio, ziandikwe kwenye risiti, na kabla ya kutoka dukani fanyeni haya:

Washeni chombo wenyewe. Bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha fungueni sehemu ya Performance. Hapo patasomeka jina kamili la prosesa, idadi ya viini, ukubwa wa RAM na nafasi zilizotumika, na mbele ya diski patakuwa na neno SSD au HDD. HDD ndiyo ile ya kuzunguka.

Kwa kilichotumika, ombeni fundi aendeshe programu ya CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi.

Kiacheni kifanye kazi nzito kwa nusu saa. Sikilizeni feni, gusa chini yake, na muone kama kasi yashuka.

Ulizeni kwa maneno haya: Je, RAM na diski zaweza kubadilishwa? Zimebaki nafasi ngapi? Jibu liandikwe.

Na ikiwa mnanunua kwa malipo ya pole pole, bei na muda vikatwe katika mkataba mmoja. Bei ya mkopo kuzidi ya taslimu imejuzu kwa wanazuoni wengi maadamu imekubaliwa tangu mwanzo. Lakini faini inayokua kila mkichelewa ni riba, hata ikipewa jina tamu.

Picha zetu ni amana

Tumalizie na jambo linalozihusu nyumba zetu zaidi. Fundi alipoitoa diski ya zamani, hakuiweka kwenye sanduku lake la vipuri. Alimkabidhi binti mkononi, akamwambia, "Dada, hii usimpe mtu." Ndani yake mlikuwa na picha za arusi ya shangazi yake, za upande wa wanawake, bila ya buibui wala shela.

Jueni kwamba kufuta faili hakuiondoi papo hapo. Huondolewa jina lake kwenye orodha tu, na mwenye ujuzi aweza kuirudisha. Ukiuza kipakatalishi au kukibadilisha kwa kingine, toa diski ubaki nayo. Au ikiwa haitoki, tumia njia ya Windows ya kurudisha chombo upya, ukichagua kusafisha diski kabisa. Dada zetu wanaopiga picha kwenye kumbi za wanawake wafunge diski zao kwa ufunguo wa siri ulio ndani ya Windows, ili chombo kikiibwa, stara isiibwe nacho. Funguo hizo ziandikwe na zitunzwe pahali pengine.

Na kila kitu cha thamani kiwe mahali pawili. Diski ile ya zamani ilitiwa ndani ya kasha la nje, ikawa ndiyo ya kuwekea nakala kila Ijumaa. Iliyokuwa ya polepole kwa kazi ikafaa kwa kuhifadhi.

Binti yule yu mwaka wa tatu sasa. Michoro yake huianza kwenye kipakatalishi kile, na picha kamili huzitoa kwenye kompyuta za chuo, ambako hulazimika kukaa hadi jioni akingoja zamu yake. Mama yake ameanza tena kuweka akiba, na safari hii alipotujia kuuliza, tulisimama naye mpaka kwa fundi na kumwambia, "Muulize huyu."

Tulimwomba mama yule radhi, akatusamehe. Nanyi tunawaomba msimnunulie mtoto wenu chombo kwa neno la sheikh asiyejua, wala kwa kibandiko. Mwenyezi Mungu atujaalie tuseme "sijui" pale tusipojua, na azibariki mali za halali mnazozichuma kwa jasho. Wabillahi tawfiq.